Alama ya Chaki Iliyoshuka: Niliyojifunza Kuhusu Nguvu ya Miguu Katika Mpira wa Kikapu

Nilipokuwa na umri wa miaka 19 nilikuwa na desturi ya kujipaka chaki kwenye ncha za vidole kila Jumamosi asubuhi, kusimama ubavu wangu ukiwa karibu na ukuta, kuruka kwa nguvu zangu zote na kuacha alama pale mkono ulipofika. Kipimo hiki ni cha zamani; Mmarekani Dudley Allen Sargent alikiandikia makala mwaka 1921, na hadi leo wapo wanaokiita kwa jina lake. Wakati ule sikuwa na habari za Sargent. Nilichojua ni kwamba ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka sakafuni, kwamba siku ambazo mwili wangu ulikuwa mwepesi niliweza kuigusa kwa ncha za vidole, na kwamba nilitamani kuufikisha mpira juu yake kwa mikono yangu. Kwa hiyo kwa miezi mitano niliruka mara 300 kila siku, siku sita kwa juma, na juu ya hapo nikaongeza kukimbia ngazi na kuruka kichura kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, mita 28 kwenda na mita 28 kurudi. Mwezi wa tano ulipokwisha, alama yangu ya chaki ilikuwa chini ya ile ya kwanza kwa sentimita 4, na sikuweza tena kushuka ngazi bila kushika ukuta, kwa sababu ya maumivu yaliyokuwa yamekaa chini ya pia ya goti.

Tangu hapo nimecheza kwa miaka mingi na baadaye nimefundisha, na hakuna mwaka uliopita bila mimi kukutana na kijana anayefanya kosa lile lile kwa bidii ile ile. Kinachoniuma ni kwamba vijana hawa si wavivu. Wanafanya kazi kubwa kuliko wenzao wote, nao ndio wanaobaki chini wengine wanapopanda.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba uchovu ni ushahidi wa mazoezi. Uchovu ni ushahidi wa kuchoka tu. Nguvu anayoihitaji mchezaji wa kikapu miguuni si ile ya kubeba mzigo kwa saa nzima. Ni nguvu ya ghafla, yaani nguvu ikizidishwa kwa kasi, na vyote viwili lazima vitokee ndani ya muda mfupi mno. Mchezaji anayekimbia kuelekea kikapuni na kunyanyuka kwa mguu mmoja huwa na takriban robo ya sekunde, au chini ya hapo, tangu wayo unapogusa sakafu hadi unapoiacha. Msuli wa binadamu huhitaji muda mrefu zaidi ya huo kufikia kilele cha nguvu zake. Hivyo mtu anaweza kuwa na miguu yenye nguvu nyingi na bado asiruke juu, kwa sababu nguvu hiyo inafika wakati mwili umekwisha kuondoka sakafuni. Mwingine anaweza kuwa na kasi ya kutosha lakini akakosa nguvu ya kuisukumia. Mimi, kwa ile miruko 300, nilikuwa naufundisha mwili kuruka polepole. Baada ya ule wa thelathini hakuna mruko wangu uliokuwa wa kweli, na mwili hujifunza kile unachorudia, wala haujali ulichokusudia.

Aliyenitoa huko alikuwa mwalimu mzee aliyekuwa amefundisha riadha kabla ya kuingia katika kikapu. Nilimweleza kwa fahari habari za miruko yangu 300. Hakunisifu wala hakunikemea. Alinipandisha juu ya sanduku lenye urefu wa sentimita 30 hivi, akanipa mgongo, akasema, "Shuka, kijana wangu, utue na usimame hapo hapo." Nikashuka. Sakafu ikalia. Akasema bila kugeuka, "Rudia." Nikarudia mara nne, tano, na kila mara sakafu ikalia. Ndipo akageuka akaniambia kwamba kwa majuma matatu yanayofuata sitaruka hata mara moja mazoezini, nitajifunza kutua. "Mwalimu, mimi nataka kupanda, na wewe unanifundisha kushuka?" nilimuuliza. Akanijibu kwamba kila anayepanda lazima ashuke, na kwamba goti langu lilikuwa linauma kwa sababu ya kushuka, si kwa sababu ya kupanda.

Nilichukia majuma yale matatu, na sasa ninayathamini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mafunzo yangu. Kutua vizuri kuna mambo yake. Sehemu ya mbele ya wayo hugusa kwanza, kisigino kinafuata kwa upole, kifundo cha mguu, goti na nyonga vinakunjika kwa pamoja, makalio yanarudi nyuma kidogo, na magoti yanaelekea kule vinakoelekea vidole vya miguu badala ya kuangukia ndani. Nguvu inayomrudia mtu wakati wa kutua inaweza kuwa uzito wa mwili wake mara kadhaa, na kama nyonga haikubali kubeba sehemu yake, goti hubeba yote. Nilipoanza kufundisha timu za wasichana nililielewa hili kwa uchungu zaidi, kwa maana wachezaji wa kike hupatwa na jeraha la kuchanika kwa ligamenti ya mbele ya ndani ya goti, yaani ule ukanda imara unaoshikanisha mifupa, mara nyingi zaidi kuliko wa kiume, na mara nyingi jeraha hilo hutokea bila mtu yeyote kumgusa mchezaji: anatua, goti linaingia ndani, anaanguka. Nimeliona likitokea mbele yangu kwa mchezaji ambaye sikuwa nimemfundisha kutua, kwa sababu msimu ulikuwa umekaribia na niliona hatuna muda. Alikaa nje ya uwanja karibu mwaka mzima. Muda huo niliodhani hatuna tangu siku ile ninao kila msimu.

Baada ya kutua, mwalimu alinipeleka kwenye vyuma. Hapa nilikuwa na hofu ya aina nyingine, kwani niliaminishwa kwamba vyuma humfanya mchezaji kuwa mzito na kukakamaa. Nilianza kwa kuchuchumaa bila mzigo wowote, kisha na fimbo tupu ya chuma mabegani, kisha mzigo ukaongezwa kidogo kidogo kwa miezi. Mazoezi yalikuwa machache mno kiasi kwamba nilidhani nanyimwa: kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, ule wa nyuma ukiwa umewekwa juu ya benchi, kunyanyua visigino taratibu nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, na lile zoezi la kupiga magoti huku mwenzako ameshika vifundo vya miguu yako, ukijishusha kifudifudi polepole hadi misuli ya nyuma ya paja inaposhindwa kukushikilia. Mwili ulipokomaa tulifika kwenye mizigo mizito, kati ya asilimia 80 na 90 ya mzigo ambao ningeweza kuunyanyua mara moja tu, mara 3 hadi 5 kwa kila seti, seti 3 au 4, na mapumziko ya dakika 3 kati ya seti.

Mapumziko hayo ndiyo yaliyonishinda kuliko mzigo. Nilikaa kwenye benchi nikijiona mzembe, hadi mwalimu aliponieleza kinachoendelea ndani ya msuli. Kazi ya nguvu nyingi kwa sekunde chache huendeshwa na akiba ndogo ya kreatini fosfeti, kemikali inayoupa msuli nishati ya haraka, na akiba hiyo ikimalizika huhitaji takriban dakika 3 kurudi kwa sehemu yake kubwa. Anayeanza seti nyingine baada ya sekunde 30 anaianza akiwa na akiba pungufu. Atatokwa na jasho zaidi, atahema zaidi, na nguvu atakayotoa itakuwa ndogo zaidi. Kwa anayetafuta pumzi hilo ni sawa. Kwa anayetafuta nguvu ya ghafla ni hasara, na ndiyo sababu siku hizi siruhusu mazoezi ya kuruka yawekwe baada ya mbio za kujenga pumzi. Kuruka hufanywa mwanzoni, mwili ukiwa umepashwa moto lakini haujachoka, au kusifanywe kabisa siku hiyo.

Miezi minne ya vyuma ilipita kabla sijaruhusiwa kurudi kwenye miruko. Maumivu ya goti yalikuwa yamepungua, na sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na zoezi ambalo mwanzoni nilidhani ni la kunipotezea muda: kuegemeza mgongo ukutani, magoti yakiwa yamekunjwa, na kubaki hivyo bila kusogea kwa sekunde 45, mara 5, na kupumzika katikati. Kano inayounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi haipendi kupumzishwa kabisa, wala haipendi kushtuliwa kila siku. Hupenda mzigo mzito unaokuja polepole. Kwa kulala miezi miwili bila kufanya lolote, kama nilivyoshauriwa na wengi, ningeamka na kano dhaifu kuliko niliyolala nayo. Huku kulikuwa ni kuumia kwa kano iliyozidiwa na kazi, na ninalisema hilo kwa tahadhari, kwani goti lililovimba, linalokwama au linalolegea ghafla ni la kupelekwa kwa daktari kwanza, si ukutani.

Mazoezi ya kuruka niliyorudia hayakufanana na yale ya zamani. Msingi wake ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulihisi sasa hivi: chuchumaa, subiri sekunde 3 ukiwa chini, kisha ruka, halafu simama wima, jishushe haraka na uruke papo hapo. Kwa kawaida mruko wa pili utakuwa juu zaidi, kwa sababu msuli na kano zikivutwa ghafla kisha zikaachiwa bila kukawia hurudisha sehemu ya nguvu zilizovutwa nayo, na mishipa ya fahamu huuamsha msuli zaidi. Ukikawia, nguvu hiyo hupotea. Tofauti kati ya miruko hiyo miwili hunieleza mengi kuhusu mchezaji mpya. Akiwa chini katika yote miwili, anahitaji vyuma. Akiwa juu katika ule wa kusubiri lakini ule wa haraka haumwongezei kitu, nguvu anayo na hajui kuitumia kwa wakati, na huyo ndiye wa kupelekwa kwenye miruko ya haraka.

Mtu aliyeipa elimu hii sura yake ya kisasa ni Yuri Verkhoshansky, mwalimu wa riadha wa Umoja wa Kisovyeti, ambaye katika miaka ya 1960 alieneza zoezi la kushuka kutoka juu ya sanduku na kuruka mara tu miguu inapogusa chini. Mwaka 1975 Mmarekani Fred Wilt alilitumia neno plaiometriki kwa mazoezi ya aina hii, na neno hilo ndilo lililosambaa duniani. Nimeona mara nyingi urefu wa masanduku ya Verkhoshansky, sentimita 75 hadi 110, ukinakiliwa na watu wasiojua kwamba ulikusudiwa wanariadha waliokwisha kujengwa kwa vyuma kwa miaka. Kijana wa miaka 16 akishuka kutoka sentimita 100 atakunja magoti hadi chini, visigino vitapiga sakafu, atakaa hapo kitambo ndipo aruke. Kilichokusudiwa kimekwisha kupotea. Mimi huanzia sentimita 20 au 30, na kigezo changu ni kimoja: mguso wa sakafu uwe mfupi, chini ya robo ya sekunde, na mruko unaofuata usipungue. Sanduku likipandishwa na mruko ukashuka, sanduku ni refu mno kwa mtu huyo, hata kama mwenzake analimudu.

Kabla ya kufika huko kuna ngazi zake. Kuruka kamba ni mwanzo mzuri, maana hukifundisha kifundo cha mguu kuwa kigumu kama springi bila kukishtua. Kisha miruko midogo ya papo kwa papo bila kukunja magoti sana. Kisha kuruka juu ya sanduku, ambako faida yake ni kwamba mtu hutua karibu na kilele cha mruko wake na hivyo haangukiwi na uzito wake wote. Kisha kuruka vizuizi vya chini mfululizo. Kisha kurukaruka kwa mguu mmoja kwenda mbele. Kwa anayeanza nahesabu kila mguso wa mguu chini, na migusano 80 hadi 100 kwa siku moja ya mazoezi inatosha kabisa. Siku hizo ziwe mbili kwa juma, na kati ya siku moja na nyingine zipite angalau saa 48. Nilipolinganisha hesabu hii na miruko yangu 300 ya kila siku, nilielewa kwa nini chaki ilikuwa inashuka.

Kuhusu vifaa vya kufunga uzito kwenye vifundo vya miguu na kurukia navyo, sina maneno mengi: huvuta goti na kuharibu namna mtu anavyokimbia, na sijamwona aliyefaidika navyo.

Jambo ambalo wachezaji wa kikapu hulisahau kuliko wengine ni kwamba mchezo wao una miruko ya aina mbili. Anayekwenda kufunga akitoka mbio huruka kwa mguu mmoja, na mguu huo lazima uwe mgumu, ugeuze kasi ya mbele kuwa ya juu bila kuzama. Anayegombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia na kurudi uwanjani, chini ya kikapu huruka kwa miguu miwili kutoka mahali alipo, amebanwa, wakati mwingine mikono yake imezuiwa. Nimekuwa na mchezaji aliyekuwa akipanda ajabu kwa mguu mmoja na chini ya kikapu akashindwa na watu wafupi kuliko yeye. Tulipomwongezea kuchuchumaa kwa mzigo mzito na kuruka kutoka kwenye hali ya kuchuchumaa akiwa na mpira kifuani, hali ilibadilika ndani ya msimu mmoja. Mikono nayo ina fungu lake. Kuizungusha vizuri kutoka nyuma kwenda juu huongeza kimo cha mruko kwa asilimia 10 au zaidi, na hilo ni jambo linaloweza kufundishwa kwa mchana mmoja.

Chaki nimeiacha. Siku hizi simu nyingi hupiga video ya picha 240 kwa sekunde, nami huhesabu picha ambazo miguu ya mchezaji iko hewani. Picha 120 ni nusu sekunde. Ukizidisha muda wa hewani kwa wenyewe, ukazidisha kwa 9.81, kisha ukagawanya kwa 8, unapata kimo cha mruko kwa mita: nusu sekunde ni takriban sentimita 31, na sekunde 0.6 ni sentimita 44. Mchezaji lazima atue miguu ikiwa imenyooka kama ilivyokuwa wakati wa kuondoka, la sivyo anajiongezea muda kwa kukunja magoti hewani. Kipimo hiki nakifanya mwanzoni mwa kila siku ya kuruka. Mchezaji akiwa chini ya kawaida yake kwa sentimita kadhaa, napunguza kazi yake siku hiyo bila kumuuliza kama amelala vizuri, ingawa mara nyingi jibu huwa ni kwamba hakulala.

Kwa walio katika umri wa kukua haraka, kati ya miaka 11 na 15 hivi, nina uangalifu wa ziada. Wengi wao hupata uvimbe wenye maumivu pale kano ya goti inaposhika mfupa wa muundi, kwa kuwa sehemu hiyo ya mfupa bado ni laini. Hali hii hupita wakati mwili unapokomaa, ila mtoto akiendelea kuongezewa miruko juu ya mechi na mazoezi ya timu, mateso yake hurefuka bila sababu. Huyu namfundisha kutua, kuchuchumaa vizuri na kukimbia vizuri. Kuruka anakofanya mchezoni kunamtosha.

Msimu ukianza, walimu wengi huacha vyuma kabisa kwa hofu ya kuwachosha wachezaji, na kufikia michezo ya mwisho miguu imerudi ilikokuwa. Mimi hubakiza siku moja kwa juma, wakati mwingine mbili, kwa dakika 30 tu: mzigo unabaki mzito, seti zinapungua. Miruko ya ziada naiondoa karibu yote, kwa sababu mechi yenyewe ina makumi ya miruko ambayo hakuna anayeihesabu.

Mimi mwenyewe niliufikisha mpira juu ya ringi nikiwa na miaka 21, siku ya kawaida ya mazoezi, baada ya miruko isiyozidi 15. Ila kinachonishughulisha sasa ni kitu ambacho ukuta wa chaki usingeweza kunionyesha. Ribaundi nyingi hazichukuliwi katika mruko wa kwanza; mpira hugongwa, hurudi juu, na anayeupata ni yule aliyetua na kuondoka tena kabla ya wenzake. Nina wachezaji wawili wanaolingana kimo cha mruko kwa sentimita, na mmoja wao huupata mpira wa pili karibu kila mara. Nimeanza kuwapiga video wakiruka mara tatu mfululizo, nahesabu picha za mguso wa sakafu badala ya zile za hewani, na katika daftari langu safu hiyo mpya sasa iko mbele ya ile ya kimo.